Wazoa taka nao wapimwe, wapewe vyeti

Ndugu Mhariri,



VETA huwapima mafundi waliojifunza kazi mitaani, kama waashi, maseremala na wapishi, na wanaofaulu hupewa vyeti. Mpango huu mzuri uwafikie wazoa taka pia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu, lakini anayezishika kwa mikono ni mzoa taka. Kazi hii inataka ujuzi. Huku Ulyankulu tunalima tumbaku. Kopo tupu la dawa ya shambani likiokotwa na kutekewa maji, laweza kuua mtoto. Mzoa taka aliyepimwa atajua kulitenga.

Wapagazi wa Unyamwezi hawakuwa na vyeti, lakini sifa yao ilijulikana hadi Bagamoyo, nao wakapatana ujira kwa sifa hiyo. Siku hizi mwenye kutoa kazi huuliza karatasi.

Naomba wahusika waandae mtihani wa vitendo, na halmashauri zimfikirie kwanza mwenye cheti. Bila ujira wa haki, cheti ni pambo la ukutani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ulyankulu, Tabora.