Walimu wa Bujumbura, Tuhesabiwe Kwanza

Walimu wenzangu, wazazi wa wanafunzi wetu, na ninyi nyote mnaoijali shule ya Burundi,

Tangu maisha yapande, neno mgomo haliishi vinywani mwa walimu, na sababu zipo. Mei 2023 Benki Kuu iliishusha thamani faranga, na dola iliyokuwa ikiuzwa benki kwa takriban faranga 2,100 ikafika takriban 2,800 kwa mkupuo mmoja. Mwaka huo huo bei za bidhaa zilipanda kwa zaidi ya robo, na mafuta ya gari yakawa ya kupangia foleni. Mwalimu anayekaa Kinama na kufundisha Musaga anaujua uzito wa hesabu hiyo kila asubuhi anapotafuta basi. Sibishani na hasira yake, maana ni hasira ya haki. Ninachowaombeni ni jambo linalotangulia mgomo, ambalo tukilikosea, mgomo wenyewe utatushinda: kura ya wanachama, ya siri, iliyopigwa kwa daftari safi na kuhesabiwa mbele ya macho ya watu. Sendika isiyojua ina watu wangapi nyuma yake haina uzito mezani, na mwanachama ambaye hakuulizwa siku ya kwanza hatakuwepo siku ya kumi.

Haki yenyewe tunayo. Katiba ya 2018, kifungu cha 37, inatambua haki ya kuunda sendika, ya kujiunga nazo na ya kugoma, ikiiachia sheria kuweka masharti, huku yenyewe ikiwakataza askari na watumishi wa vyombo vya usalama. Burundi iliridhia Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu uhuru wa kujiunga mwaka 1993, na ule wa 98 kuhusu majadiliano ya pamoja mwaka 1997. Mwalimu wa serikali anaongozwa na sheria ya 29 Novemba 2002 inayohusu haki ya sendika na ya kugoma katika utumishi wa umma. Mwalimu wa shule ya binafsi yuko chini ya Sheria ya Kazi, iliyoandikwa upya Novemba 2020 kuchukua nafasi ya ile ya 1993. Walimu wawili wanaopishana kila siku kwenye njia moja ya Buyenzi wanaweza basi kuwa chini ya masharti mawili tofauti. Hilo ndilo jambo la kwanza la kumuuliza mwakilishi wa sendika: mimi nahesabiwa kwa sheria ipi?

La pili ni namna ya kuhesabu, na hapa ndipo wengi wetu hujidanganya. Tuseme shule ina walimu 40. Siku ya kura, 18 wanasema ndiyo, 6 wanasema hapana, na 16 hawafiki. Ukihesabu kura zilizopigwa, mgomo umepita kwa robo tatu. Ukihesabu walimu wote wa shule, ndiyo ni asilimia 45, na mgomo umeanguka. Sheria ya Kazi ya 1993 ilitaka wingi wa wafanyakazi wote wa mahali pa kazi, na wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliikosoa kwa miaka mingi wakisema zihesabiwe kura zilizopigwa tu. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inahesabu waliopiga kura. Uingereza, kwa sheria ya 2016, iliweka sharti kwamba angalau nusu ya wanachama wajitokeze. Januari 2023 chama cha walimu cha NEU kiliivuka nusu hiyo kwa shida, kwa asilimia 53, na kikagoma. Chama kingine cha walimu, NASUWT, kilipata ndiyo za karibu asilimia 90, lakini waliopiga kura walikuwa asilimia 42 tu, na hakikuruhusiwa kugoma. Hawakuangushwa na waliopinga. Waliangushwa na waliobaki nyumbani wakidhani wengine watawapigia. Popote kipimo kinapowekwa juu ya jumla ya watu, anayekaa kimya amesema hapana.

Sasa tuangalie kura inavyokuwa pale inapofanywa kwa haraka. Ni saa ya mapumziko, chumba cha walimu kimejaa, direkta amekaa kwenye meza yake ya kila siku. Mwakilishi anasoma tangazo, anauliza nani anaunga mkono, mikono inapanda. Baadhi inapanda nusu, mwenyewe akitazama kwanza jirani yake. Kisha karatasi inazungushwa ili kila mtu aandike jina na kutia sahihi. Jioni sendika inatangaza kwamba walimu wameafiki kwa kauli moja. Kauli moja ya namna hiyo haimwambii mtu lolote: serikali haiiamini, mwanachama haiamini, na ile karatasi yenye majina, ikipotea, inaweza kumfikia mtu ambaye hakukusudiwa kuiona. Inatosha kubadili mambo machache. Daftari la wanachama liwekwe mlangoni, na kila anayeingia atie sahihi mbele ya jina lake kuthibitisha kwamba amefika. Apewe karatasi isiyo na jina, zote za ukubwa mmoja na zenye muhuri wa sendika. Aende kona iliyozibwa, aweke alama, aikunje, aitumbukize sandukuni. Daftari linaonyesha nani alipiga kura, na hakuna kinachoonyesha alichokichagua.

Najua pingamizi litakalofuata: katika nchi ndogo ambamo kila mtu anamjua mwenzake, kura yoyote itatuanika. Hofu hiyo tuichukulie kwa uzito, wala tusimwite mwoga mwenzetu anayeisema. Lakini kinachomwanika mwalimu ni mkono ulionyooshwa na jina lililoandikwa, na hivyo ndivyo vitu ambavyo kura ya siri inaviondoa. Kuna hatari moja ya kweli, na dawa yake ipo. Shule yenye walimu sita ikihesabu kura zake yenyewe na zote zikawa ndiyo, siri imekufa. Kwa hiyo masanduku yasifunguliwe shuleni. Yapelekwe yakiwa yamefungwa mpaka ngazi ya tarafa, kura za shule zote zichanganywe kwanza, ndipo zihesabiwe, na matokeo yatangazwe kwa jumla ya tarafa. Hapo atakayetaka kujua shule fulani ilisema nini hatapata pa kuangalia.

Jambo la tatu ni swali lenyewe. Mwanachama asikubali kuulizwa kama ameridhika na maisha, kwa maana hakuna aliyeridhika. Swali liwe na dai, muda na kitendo: je, unakubali sendika yako iitishe mgomo iwapo dai hili lililoandikwa hapa halitapata jibu ndani ya siku kadhaa zilizotajwa? Kura hiyo ni ruhusa. Haimlazimishi kiongozi kugoma kesho yake, na haimpi hati ya kugoma miezi sita baadaye kwa dai jingine. Mwanachama ajue pia ni nani ana mamlaka ya kusimamisha mgomo ukishaanza. Kama wanachama ndio waliouanzisha, basi ni haki waulizwe tena kabla haujafungwa, ili pasiwe na makubaliano ya usiku ambayo walimu wanayasikia redioni.

La nne, wingi wa ndiyo hautoshi bila utaratibu. Mwaka 2012 Chama cha Walimu Tanzania kilipigisha kura wanachama wake, wengi wakaafiki, na mgomo ukaanza 30 Julai. Tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliamua kwamba mgomo ule haukufuata sheria na ikaamuru walimu warudi darasani. Juhudi zote za kuwakusanya watu nchi nzima ziliishia kwenye hatua za karatasi. Kenya nayo ina somo lake. Mwaka 2015 walimu waligoma kudai nyongeza ya asilimia 50 hadi 60 waliyokuwa wameishinda mahakamani, shule zikafungwa kwa wiki kadhaa, na mshahara wa Septemba ukazuiwa. Novemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikaifuta nyongeza yenyewe. Sisemi walikosea kudai. Nasema mwanachama ana haki ya kuambiwa, kabla ya kuweka alama yake, kwamba mshahara unaweza kukatwa, kwamba upatanishi na notisi ni hatua za lazima, na kwamba mfuko wa sendika una kiasi gani cha kuwashika mkono wenye shida. Anayepiga kura akijua gharama hageuki nyuma gharama inapofika.

Wapo watakaouliza: na watoto je? Ni swali la wazazi, na ni letu pia. Tangu 2005 shule ya msingi ilipotangazwa kuwa bure, madarasa yetu yamefurika, na kila siku inayopotea inampotea mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna wa kumfundisha. Ndiyo maana nasisitiza kura. Kura hukawiza mambo: inataka dai liandikwe, muda utolewe, wanachama wafikiri, na mzazi ajue mapema kinachokuja. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani na UNESCO la 5 Oktoba 1966 kuhusu hadhi ya walimu linataka viwepo vyombo vya pamoja vya kusuluhisha migogoro, na vikishindwa, vyama vya walimu viwe na haki ya kuchukua hatua zilizo wazi kwa vyama vingine. Mpangilio huo ndio tunaoutaka: meza kwanza, kura pili, mgomo mwisho kabisa. Na sendika iandike tangu mwanzo jinsi mitihani ya taifa itakavyolindwa. Mzazi aliyeelezwa hivyo anaweza kusimama nasi. Aliyeshtukizwa asubuhi langoni mwa shule atakuwa upande wa pili.

Wengine watasema hesabu hizi ni kupoteza wakati, kwa kuwa serikali ikitaka kukataa itakataa. Inawezekana. Lakini angalieni Chicago. Sheria ya jimbo la Illinois ya 2011 iliwawekea walimu wa mji huo sharti la robo tatu ya wanachama wote, kiwango ambacho wengi waliamini hakifikiki. Chama kikaenda shule kwa shule, mwalimu kwa mwalimu, na Juni 2012 karibu asilimia 90 ya wanachama wote wakasema ndiyo. Walipogoma Septemba, mgomo ulichukua siku saba za masomo na wakatoka na mkataba. Maandalizi ya kura yaliwafundisha kukusanyika, na mwajiri alikuwa ameshauona ukubwa wao kabla ya siku ya kwanza ya mgomo. Hata kura inayoshindwa ina faida. Ikionyesha kwamba theluthi moja tu wako tayari, imetuokoa na mgomo ambao ungevunjika, na imewaambia viongozi wapi kazi haijafanyika.

Kwetu kuna kikwazo cha ziada: sendika ni nyingi. STEB, CONAPES, SLEB na nyinginezo zina wanachama katika shule zile zile, na kila moja ikiita kivyake, idadi ya kila moja itaonekana ndogo. Mipaka nayo imebadilika. Mwaka 2025 mikoa ilitoka 18 ikawa 5, na tarafa zilitoka 119 zikawa 42, kwa hiyo daftari lililopangwa kwa tarafa za zamani halifai tena. Sitaki sendika ziungane wala zifutwe. Nazisihi zikubaliane siku moja ya kura, swali moja na hesabu moja ya wazi, kila moja ikibaki na bendera yake.

Basi kazi iko hivi. Mwalimu, wiki hii hakikisha jina lako limo katika daftari la sendika yako, mahali unapofundisha sasa, na kwamba ada yako inaingia. Omba nakala ya katiba ya sendika na usome sehemu ya mgomo: nani anaitisha, kipimo ni kipi, nani anahesabu. Mwakilishi wa shule, ukusanye wenzako uwasomee kanuni hizo kabla ya kuwasomea madai. Viongozi wa sendika, kabla ya 5 Oktoba ijayo, Siku ya Walimu Duniani, tangazeni kwa pamoja kanuni za kura ya siri na muda wa kuhakiki madaftari. Wazazi, tumeni wawakilishi wenu waje kushuhudia masanduku yakifunguliwa. Tukifika mezani tukiwa na idadi ambayo hakuna awezaye kuipinga, huenda tusilazimike kufunga hata darasa moja. Na tukilazimika, tutafunga pamoja na tutafungua pamoja.