Kijana anataka kukata paa la Altezza

Baba mmoja wa Ipinda ameniandikia wiki hii. Kijana wake wa miaka 24 ameuza mpunga, akaongeza na fedha za kakao, akanunua Toyota Altezza. Sasa anataka kulipeleka gari Mbeya likatwe paa na kuwekwa dirisha la juu, lile ambalo vijana wanaliita sanrufu. Haraka yake ni sendofu ya dada yake mwezi ujao: anataka wadogo zake wasimame humo wakipunga mikono, msafara ukielekea kupiga picha Matema. Baba anauliza, "Nimkataze, au ninyamaze kwa kuwa ni gari lake na fedha zake?"

Ndugu yangu, kabla hujamwita kijana, lijue kwanza jambo lenyewe. Ukienda na "hapana" tupu atakuona mzee wa zamani, na mazungumzo yataishia hapo.

Paa la gari si kama bati la nyumba. Chini ya ile karatasi nyembamba ya chuma zipo mbavu zinazovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, zikishikana na nguzo za milango na za kioo cha mbele. Gari likipinduka, hizo ndizo zinazozuia paa lisiwaangukie walio ndani. Gari lililotoka kiwandani na dirisha la juu lilichorwa tangu mwanzo kuwa na tundu, kwa hiyo tundu limezungushiwa fremu ya kulibeba. Linalokatwa baadaye linategemea fundi. Fundi mzuri hupima, hukata katikati ya mbavu, na hufunga fremu. Fundi mwenye haraka hupitisha grainda popote, ubavu ukienda na uende, kisha huziba kwa silikoni. Ukiangalia ndani huoni kitu, kwa sababu kitambaa kimerudishwa vizuri. Na barabara ya kupanda Tukuyu mnaijua: kona, ukungu, na malori yanayotoka Kasumulu.

Sisemi kwamba kazi hii haiwezekani. Mjerumani mmoja aliyehamia Marekani, Heinz Prechter, alianzisha kampuni ya kazi hiyohiyo mwaka 1965, na baadaye ikawa inafanya kazi na viwanda vyenyewe vya magari. Hapa kwetu mafundi wa Arusha wanakata paa za Land Cruiser ili watalii waone wanyama. Lakini hao hujenga upya sehemu ya juu kwa vyuma, na gari lenyewe ni kubwa, lina chesisi yake chini. Altezza ni gari dogo na la chini, ambalo bodi ndiyo chesisi. Ukikata bodi umegusa mifupa.

Halafu kuna maji. Hapa Kyela ndipo ningemkazia kijana zaidi, maana sisi tunapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua yetu haina adabu. Wengi wanadhani dirisha la juu huzuia maji yote kwa mpira wake. Sivyo. Dirisha la kuteleza huruhusu maji kidogo kupita, yakaingia kwenye mfereji unaolizunguka, kisha yakashuka kwa mipira myembamba iliyopitishwa ndani ya nguzo za gari hadi nje, karibu na magurudumu. Mipira hiyo ikiziba kwa vumbi la barabarani au majani ya mwembe unaoegesha chini yake, maji hayana pa kwenda ila miguuni mwenu. Kapeti inaloa, kuvu inaota, nyaya zilizo chini yake zinapata kutu. Mtoto mwenye pumu akipanda gari hilo utasikia kifua chake kabla hujafika Ngonga. Na baadhi ya madirisha ya bei nafuu hayana mfereji wala mipira kabisa; yanategemea mpira wa pembeni tu, na jua letu la ziwani huukausha mpira huo ukapasuka.

Lakini yote hayo ni fedha na chuma. Kilichonifanya niandike ni wale wadogo watakaosimama.

Siku hizi kila msafara wa harusi au kipaimara una mtoto aliyetoa kiwiliwili juu ya gari, na watu wazima wanashangilia. Tufanye hesabu kidogo. Gari likiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, mwendo wa msafara tu, dereva akakanyaga breki ghafla kwa sababu ya bodaboda au ng'ombe, mwili wa mtoto unaendelea na mwendo uleule. Nguvu ya kugonga ukingo wa chuma au lami ni sawa na kuanguka kutoka mita 6 hivi. Ni mchikichi mzima huo. Wewe usingemruhusu binti yako wa miaka tisa asimame huko juu bila kushika chochote ili apigwe picha. Watalii husimama, ndiyo, lakini gari likiwa limesimama au likitambaa mbugani. Likiingia barabara kuu huketi.

Jingine ni swichi. Madirisha mengi ya kiwandani yakigusa kitu wakati wa kufunga hurudi nyuma. Ya kubandika si yote yanayofanya hivyo. Mdogo wake akicheza na kitufe huku mwingine ametoa kichwa, ndiyo habari mbaya hiyo.

Sasa, kumkataza? Mwenye miaka 24 na gari lake hakatazwi, anaulizwa. Muulize fundi amekata magari mangapi, na aombe kuliona moja lililopita masika. Muulize kama amezungumza na kampuni yake ya bima, hasa kama ana bima kubwa, maana gari lililobadilishwa bila wao kujua linaweza kuleta ugomvi siku ya madai. Apite na kwa trafiki wakaguzi aulize kabla ya kukata; paa likishakatwa halirudi. Mwambie pia kwamba zipo Altezza zilizotoka Japani na dirisha la juu la kiwandani. Angeuza hili akaongeza kidogo, angepata anachotaka bila grainda. Mimi huko ndiko ningemsukuma.

Akishikilia, mpe sharti la ndoo. Asimalizie malipo mpaka fundi afungue dirisha, amwage maji taratibu kwenye kila pembe ya mfereji, nanyi wawili mchuchumae chini muone yanatoka nje kwenye kila mpira. Na funguo za gari siku ya msafara akae nazo mtu mzima aliyekubali mbele yako kwamba hakuna mtoto atakayesimama gari likitembea.

Kuhusu sendofu yenyewe, mwezi mmoja ni mfupi. Fundi anayeharakishwa hukata vibaya, na gundi isiyokauka vizuri huvuja mvua ya kwanza. Altezza lipambwe maua, limbebe binti likiwa na paa lake, na hiyo habari ya kukata muizungumze sherehe ikishapita.