Nilibana Hela ya Sproketi, Mdogo Wangu Akakosa Usaili

Wiki hii sisemi habari za mapenzi wala disko. Nasema habari za cheni, na siyo ile ya shingoni.

Pikipiki yangu ilianza kulia kraa-kraa kila nikivuta mafuta. Fundi wa kijiweni akachungulia, akasema, "Braza, hapa nunua seti. Cheni na sproketi zote mbili." Nikajua huyu anataka kunila hela. Nikazama Kariakoo, nikachukua cheni peke yake, nikarudi kifua mbele.

Miezi miwili haikuisha. Asubuhi moja namwahisha mdogo wangu kwenye usaili wa kazi, tupo Manzese, paa! Cheni imeruka. Bahati yetu tulikuwa mwendo wa pole, maana ingenasa gurudumu la nyuma tungelala kwenye lami. Binti wa watu akashuka na viatu vyake vya mchuchumio, akagombea daladala. Anafika, jina lake limeshaitwa zamani.

Jioni akaniuliza swali moja tu: "Kaka, hivi uliokoa shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu. Fundi alikuwa sahihi. Meno ya sproketi yakilika huchongoka na kulala upande mmoja kama pezi la papa. Ukiyavisha cheni mpya, yanaila nayo. Jipime mwenyewe: ivute cheni kwa nyuma, katikati ya sproketi kubwa. Ikinyanyuka mpaka unaona nusu ya jino, bwana, andaa hela ya seti.

Sasa pa kubana ni wapi? Banana na matunzo. Cheni isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, ikaushe, ipake oili ya gia namba 90. Ile oili chafu ya injini achana nayo, ina vumbi la chuma. Cheni ikicheza zaidi ya sentimita 3, ikaze, ila usiikaze kama gitaa.

Pikipiki ikikataa kuwaka, usikimbilie kununua kabureta. Fungua plagi injini ikiwa imepoa. Ina masizi makavu? Isugue, kisha angalia kisafisha hewa, huenda kimeziba. Plagi mpya bei yake haipiti sana sahani ya chipsi mayai. Ila ukiikuta imelowa oili, hapo muite fundi.

Na fundi akibadili kitu, mwambie akupe kile cha zamani mkononi. Utajua kama kweli kimebadilishwa.

Breki na tairi? Hapo usibane hata senti, mshikaji.

Mimi seti nimeshafunga, pikipiki inateleza kama siagi. Lakini mdogo wangu hadi leo anapanda daladala. Tukutane wiki ijayo.