Breka Kubwa si Dawa ya Waya Mdogo



Mwezi huu twajibu swali la kijana wetu mmoja, mzaliwa wa Kagunga aliyejenga Ujiji. Amemchukua mama yake mzazi, aliyekwisha kuwa mtu mzima na mwenye maradhi ya moyo, akamhamishia kwake. Na kwa kuwa joto la kabla ya mvua halimpi mama usingizi, amemnunulia kiyoyozi cha BTU 18,000 na kukitia chumbani mwake. Fundi alikipatia umeme kwa kukiunga katika laini ya taa, ambayo ndiyo hiyo hiyo iliyokwisha kuchukuzwa soketi mbili za sebuleni, yenye friji na televisheni. Basi haupiti muda ila breka hujikata, na chumba hurudi joto na giza. Fundi amesema dawa yake ni nyepesi: breka ya ampea 10 itolewe, iwekwe ya ampea 32. Kijana atuuliza: "Maalim, nimkubalie?"

Jawabu letu ni hili: la, usimkubalie, hata kama ataifanya kazi hiyo bure.

Watu wengi wadhani ya kuwa breka, yaani swichi ile inayojikata yenyewe, ni mlinzi wa kiyoyozi au wa friji. Sivyo. Breka ni mlinzi wa waya uliofukiwa ukutani. Sisi wa Kagunga tuliozoea kwenda Kigoma kwa njia ya ziwa twaweza kulifahamu jambo hili upesi. Meli huchorwa alama ubavuni, kuonyesha mwisho wa kuzama kwake inapopakiwa shehena. Alama ile haikuwekwa kwa ajili ya magunia. Imewekwa kwa ajili ya chombo na roho zilizomo. Sasa nahodha akiona shehena imezidi na maji yameifikia alama, kisha akachukua rangi akaichora alama nyingine juu zaidi, je, chombo kimekuwa kikubwa? Kilichoongezeka ni ruhusa ya kuzama. Na anayetoa breka ya 10 akaweka ya 32 juu ya waya ule ule, amefanya kama nahodha huyo.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno. Umeme wa nyumba zetu ni volti 230. Kiyoyozi cha kijana wetu kimeandikwa ubavuni wati 1,800. Gawanya kwa 230, wapata kiasi cha ampea 8. Laini ya taa, aghalabu, huwa ni ya waya wa milimita moja na nusu za mraba, na waya huo ukiwa ndani ya bomba hubeba kwa salama ampea 14 hadi 17 hivi. Hesabu hiyo ni ya mahali penye joto la nyuzi 30. Juu ya dari, chini ya bati la Ujiji wakati wa adhuhuri, joto lazidi hapo kwa mbali. Likifika nyuzi 50, uwezo wa waya hupungua kwa karibu thuluthi moja.

Haya, breka ya ampea 10 imeona kiyoyozi, friji, televisheni na taa vyote vyapita katika waya mmoja, ikajikata. Imekosa nini? Imefanya kazi iliyoajiriwa.

Ikiwekwa ya 32, kiyoyozi kitafanya kazi, nasi hatukatai. Fundi atapokea ujira wake na mama atalala. Lakini ije asubuhi ya Idi: kiyoyozi chaenda, pasi ya wati 1,200 yanyosha kanzu, na birika la umeme la wati 2,000 lachemsha maji ya chai. Jumla ni wati 5,000, nazo ni karibu ampea 22, zote katika waya ambao mwisho wake wa salama ni 14 au 17. Breka ya 32 haitasema neno. Tena msidhani kuwa itasema ikifika 32 kamili: kwa kanuni za utengenezaji wake, breka ya namna hii hairuhusiwi kujikata upesi kwa kuzidi kidogo, na hulazimika kujikata ndani ya saa moja pale tu mzigo unapofika kiasi cha mara moja na nusu ya namba yake. Kwa ile ya 32, ni kama ampea 46. Na joto la waya haliongezeki sawasawa na mzigo: mzigo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Plastiki inayouvika waya ni ya kuvumilia nyuzi 70. Ikipita hapo siku baada ya siku hukauka, hupasuka, na nyaya mbili hugusana mahali asipopaona mtu, penye mbao za paa na vumbi la miaka.

Wazee wetu walizima koroboi kabla ya kulala, wala hawakuliona jambo hilo kuwa taabu. Kiyoyozi ni kitu tunachokiwasha ili tulale, nacho huufanyia kazi waya usiku kucha huku macho yetu yamefumbwa. Kwa hiyo waya wake wataka uangalifu kuliko wa pasi, ambayo mtu husimama mbele yake.

Wala hatumlaumu fundi peke yake. Nyumba nyingi za Kigoma na Ujiji zilitandazwa nyaya zama za umeme wa jenereta za dizeli, kwa hesabu ya taa chache na redio. Mkoa ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, na watu wamepata moyo wa kununua vyombo vikubwa. Gridi ilikuja mpaka mlangoni. Nyaya za ukutani zimebaki zile zile.

Afanye nini basi? Kiyoyozi kipewe laini yake peke yake, kutoka katika sanduku la breka hadi chumbani, isiyoungwa taa wala soketi. Kwa kiyoyozi cha BTU 9,000 hadi 18,000, waya wa shaba wa milimita mbili na nusu na breka ya ampea 16 hutosha. Mwendo ukiwa si mrefu na waya haupiti penye joto kali, breka ya 20 pia yafaa. Kwa cha BTU 24,000 mafundi wengi hutumia waya wa milimita nne na breka ya 20 au 25. Karatasi ya kiwanda ikisema vingine, ifuatwe karatasi. Kanuni ni moja tu: namba ya breka ipite mzigo wa chombo, na uwezo wa waya usipungue namba ya breka. Breka yenyewe iwe ya alama C, kwa kuwa mashine ya kiyoyozi cha kawaida huvuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo inapoanza, na ya alama B huenda ikajikata bila ya sababu. Haifai kabisa kukitegemea kiyoyozi kwa waya wa kurefushia unaopitishwa chini ya zulia.

Mpaka laini hiyo ivutwe, kiyoyozi kikae kimezimwa na mama apewe feni. Feni haizidi wati 100, na laini ya taa yaweza kuibeba.

Huenda breka ikaendelea kujikata hata baada ya laini mpya. Hapo yatazamwe mengine: chujio lililojaa vumbi, mashine ya nje iliyozibwa isipate hewa, au umeme kuwa mdogo na mashine kuvuta zaidi ili ijitosheleze. Tena wako vijana ambao umeme ukikatika na kurudi huwasha papo hapo. Mashine yahitaji kupumzika kwa dakika 3 au zaidi, ili msukumo wa gesi ndani yake ushuke.

Kuhusu kununua: waya uwe na alama ya Shirika la Viwango Tanzania, na mwuzaji akate ncha mbele yako uone shaba, maana zipo nyaya za madini mengine zilizopakwa rangi ya shaba tu. Waya wa ardhi usiachwe kwa kubana matumizi. Breka ya kawaida haimwokoi mtu aliyeguswa na umeme. Kwa hilo kuna kifaa kingine, kinachokata umeme ukivuja kwa miliampea 30, na nyumba yenye watoto ingefaa iwe nacho. Fundi naye aulizwe leseni yake ya EWURA kabla ya kupanda darini. Kazi ikiisha, kiyoyozi kiendeshwe saa nzima naye angali yupo, kisha aiguse breka kwa mgongo wa kidole na kuikaza upya skrubu yoyote iliyolegea, kwani kiungo kilicholegea huwaka moto kwa mzigo mdogo, na hakuna breka ya namba yoyote inayokiona.