Mtoto anayegeuka manjano kila akipata homa

Mwezi huu ukurasa wetu unazungumzia ini, ile nyama iliyo upande wa kuume chini ya mbavu, ambayo wengi wetu tunaikumbuka tu siku mbuzi anapochinjwa. Swali lilitoka kwa mama mmoja: "Mwalimu, juu ya nini mtoto wangu akishikwa na homa anatapika, macho yanageuka manjano, analala kama mtu wa kufa, halafu baada ya wiki chache anacheza mpira kama hajawahi kuumwa? Tena si mara moja. Hii ni mara ya tatu."

Majirani walikuwa wameshampa majibu yao. Wengine ati ni uchawi wa upande wa baba. Wengine ati mama alivunja miiko wakati wa mimba. Na baba mwenyewe alianza kusema heri mama huyu arudi kwao. Ndiyo maana naandika, kwa sababu hapa kuna mambo mawili yanayoweza kuvunjika, ini la mtoto na nyumba ya watu.

Kwanza tusikimbie mbali. Macho ya manjano kwa mtoto hapa kwetu mara nyingi yana sababu za kawaida. Malaria kali inaharibu damu, manjano inatokea. Kuna homa ya ini aina ya A na ya E, zinazokuja kwa maji machafu, na aina ya B ambayo mtoto anaweza kuipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Kuna dawa za mizizi zinazonyweshwa bila kipimo. Kuna hata mahindi yaliyooza: mwaka 2004 huko Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua ini kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, na 125 walikufa. Kwa hiyo docta akianza na kipimo cha malaria, msiseme anapoteza wakati. Yuko sawa kabisa.

Lakini kuna mtoto ambaye vipimo hivyo vyote havileti jibu, na ugonjwa unarudi. Homa inatangulia, hata homa ndogo ya mafua. Siku moja au mbili baadaye anaanza kutapika na kulegea. Hospitalini wakipima damu wanakuta transaminazi, yaani alama za ini lililoumia, zimepanda hadi maelfu. Damu haigandi vizuri. Sukari mwilini inashuka. Halafu homa ikiisha, na mtoto akitunzwa vizuri, ini linajijenga tena. Kati ya shambulio na shambulio ini linaonekana zima. Hapo ndipo watu wanaposema "karogwa, karoguliwa, karogwa tena."

Kumbe madaktari nao walisumbuka miaka mingi. Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo wale wa Munich na Heidelberg huko Ujerumani, walisoma jeni za watoto wa namna hiyo na kukuta kasoro katika jeni moja inayoitwa NBAS. Jeni ni kama maandishi ya maagizo ndani ya mwili, tunayopewa na wazazi. Jeni hiyo inaagiza mwili utengeneze protini fulani. Kwa watoto hawa protini hiyo inatoka kidogo na dhaifu. Mwili ukiwa na joto la kawaida inajitahidi. Homa ikipanda inapungua zaidi, kama mshumaa uliowekwa karibu na jiko. Seli za ini zinashindwa kazi, na kazi za ini ni nyingi: kuweka akiba ya sukari, kusafisha sumu, kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Homa ikishuka, kazi inaanza tena.

Si jeni hiyo peke yake. Mwaka 2012 ilikutwa nyingine, LARS1, kwa watoto wa Wasafiri wa Ireland, jamii ya Wazungu ambao zamani walihamahama na mikokoteni yao. Kuna SCYL1, ambayo pamoja na ini inaweza kusumbua mishipa ya fahamu na namna ya kutembea. Nawaambia haya ya Ulaya kwa sababu moja tu: ugonjwa huu haujui ukoo wa fulani wala mlima wa fulani. Huko nako walizaa, wakaona watoto wanageuka manjano, na hakuna shangazi wa kwetu aliyeenda Ireland kuwaroga.

Sasa tuje kwenye nyumba. Wanafunzi wangu wa darasa la jioni wanajua ugonjwa wa seli mundu, ule tunaouita SS. Hii inarithiwa kwa njia ileile. Kila mtu ana nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu na moja nzima haumwi kitu, anaweza kuzeeka bila kujua. Lakini wakikutana wawili wenye nakala mbovu ya jeni hiyohiyo, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 mtoto apewe mbovu zote mbili. Hesabu inaanza upya kila mimba. Unaweza kuzaa watano wazima, wa sita akaumwa, ama wa kwanza na wa pili wote wakaumwa. Na ndugu wa damu wakioana, nafasi ya kukutana na nakala hiyo mbovu inaongezeka, maana wote wawili wanaweza kuwa wameitoa kwa babu mmoja.

Basi baba anayemfukuza mama juu ya ugonjwa wa namna hii, ajue nusu ya jambo imetoka kwake. Nilimwambia hivyo mzee wa nyumba ile, kwa heshima, na mkubwa wa blok akiwepo. Alikaa kimya sana. Halafu akauliza kama hata yeye wanaweza kumpima damu. Mimi nililiona hilo kuwa swali la mwanaume.

Tuje kwenye kazi ya nyumbani. Mtoto ambaye ameshapata shambulio la ini pamoja na homa, kwake hakuna homa ndogo. Usingoje asubuhi uone kama itapoa. Mvue nguo nzito, mpe maji, na umpeleke kituo cha afya siku ileile. Paracetamol inasaidia kushusha homa, lakini kwa kipimo cha uzito wake na isizidi mara 4 kwa siku. Angalieni jambo hili, wamama: siropu mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa dawa moja, na paracetamol ikizidi inaua ini lenyewe. Aspirini usimpe mtoto mwenye homa bila docta. Mizizi na majani ya kunywesha, hapana. Najua bibi zetu watakasirika, lakini ini hili halina nguvu ya kuchuja kitu lisichokijua.

Tena asilale na njaa. Njaa na homa vikiungana vinamaliza sukari ya mwili haraka. Akiweza kula, apewe uji kidogo kidogo, mara nyingi. Akitapika kila kitu, hiyo ni hatari, anahitaji seromu ya glukozi mshipani (wengine wanasema dripu), na hospitali kubwa wanaweza kuongeza mafuta ya mshipani. Kuanza mapema ndiyo dawa kubwa inayojulikana mpaka leo kwa wale wa NBAS. Wengi wao wanapona shambulio bila kubadilishiwa ini, na kadiri mtoto anavyokua mashambulio yanaelekea kupungua. Hilo mwambieni mama yeyote aliyekata tamaa.

Lakini msijifanye madaktari kwa kumjaza sukari ya dukani. Kuna ugonjwa mwingine wa kurithi ambao sukari ya miwa, asali na matunda ndivyo vinavyoumiza ini. Dalili yake mtoto anatapika na kulegea baada ya kuvila, na wengi wao wanakataa vitu vitamu wenyewe. Mtoto wako akiwa hivyo, usimlazimishe, na docta aambiwe.

Nilimsindikiza mama huyu Bujumbura kama mkalimani, maana Kifaransa cha hospitali kilikuwa kinampita. Nilichojifunza huko ni thamani ya karatasi. Docta mpya anayemwona mtoto kwa mara ya kwanza anaona manjano moja tu. Anatibu malaria, anamruhusu, imeisha. Mama huyu alikuwa ameweka fishi zote tatu ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na karte ya chanjo. Docta alizipanga mezani, akasoma tarehe, akaita mwenzake. Hapo ndipo maswali yakabadilika: Kuna mtoto mwingine aliyekufa nyumbani? Wazazi ni ndugu? Anakua vizuri? Macho yanaona vizuri? Kipimo cha jeni chenyewe si cha dispensari ya kambi, na familia bado inangoja kujua kama kitapatikana. Lakini wakati wanangoja, mtoto amepewa barua ya ukurasa mmoja inayosema akifika na homa aanzishiwe seromu na apimwe sukari na ini mara moja. Barua hiyo imeshatumika mara moja. Safari hii hakugeuka manjano.

Mama mwingine aliniuliza kama mtoto wa namna hii aachishwe chanjo, kwa sababu chanjo inaleta homa. Hapana. Homa ya surua ni kubwa na ya hatari kuliko ile ya sindano. Mwambie muuguzi kabla ya kuchanjwa, ukae karibu na kituo siku hiyo na ya kesho yake, na homa ikianza urudi.

Mwenye swali alilete shuleni baada ya saa nane mchana, ama alipe mtoto wake liandikwe kwenye daftari. Jina lako halitaandikwa hapa.