Mwezeshaji wa kikundi naye anakula nini?

Kijana, ukiambiwa kazi ya mwezeshaji ni kuongea tu, usikubali. Kitengela, kikundi kimoja huwa na wapangaji kutoka pembe nyingi za nchi, hivyo Kiswahili kinatosha. Ukiingia ndani Kajiado bila Kimaasai, wazee watakusikiliza kwa adabu kisha waendelee na yao. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ipo tangu 2011, lakini polisi mara nyingi hufika msichana akishaumia. Mwezeshaji hufika mapema, mama na nyanya wakiwa bado wanajadiliana.

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10. Je, yule anayewaketisha pamoja? Mara nyingi ni nauli na soda. Wahudumu wa afya ya jamii nao walijitolea miaka mingi, hadi 2023 serikali ilipowapangia posho ya Sh5,000 kwa mwezi, kaunti ikichangia nusu.

Kwa hivyo kabla ya kikao kijacho, uliza mambo mawili: mkataba uko wapi, na msichana akikuambia siri nzito, unampeleka kwa nani? Wakikosa jibu la pili, ngoja kwanza. Mzigo huo utaachiwa wewe, na msichana ndiye atakayelipia.