Ada ya Taka: Ndoo Moja na Magunia Manne, Bei Sawa?

Katika ploti ninakoishi ada ya taka hulipwa pamoja na kodi ya nyumba, kila mlango kiasi kile kile. Mwisho wa mwezi uliopita, mama mmoja mjane wa orofa ya pili alikataa kuilipa. Anaishi peke yake, maganda ya viazi humpelekea mtu afugaye sungura, na ndoo yake haijai wiki nzima. Jirani yake hutoa magunia manne: nepi, chupa, ugali uliolala, kila kitu.

"Mbona tulipe sawa?" aliuliza mbele ya watu. Mwenye nyumba akamjibu kuwa asiyetaka utaratibu huo ahame.

Nakiri kwamba jirani mwenye magunia ni mimi.

Swali la mama huyo lilipata jibu zamani huko Korea Kusini. Jiji la Seoul lilirundika taka zake mahali paitwapo Nanjido kuanzia 1978 hadi 1993, zikawa mlima wa karibu mita 100. Wakati huo ada ilitegemea nyumba ya mtu, si taka anazotoa. Kuanzia Januari 1, 1995, serikali iliamuru kila jamaa inunue mifuko rasmi ya taka. Bei ya mfuko ndiyo ada yenyewe. Ukijaza mingi, unalipa zaidi. Karatasi, makopo na chupa zikitengwa huchukuliwa bure. Mwaka 1994 kila mtu alitoa takriban kilo 1.3 za taka kwa siku, na miaka michache baadaye kiasi hicho kilishuka karibu na kilo moja. Tangu 2013 hata makombo ya chakula hulipiwa kwa kadiri yalivyo. Katika mitaa mingine pipa lina mizani na hukutoza papo hapo!

Wajanja walikuwako, bila shaka. Wengine walitupa taka kwa siri, na ikabidi faini ziwekwe. Hapa kwetu hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa mto hauko mbali na usiku una giza. Kwa hivyo singependa mpango huu uanzie kwa wale ambao hata mkokoteni wa taka haujawahi kuwafikia. Uanzie kwetu sisi wenye lango na mlinzi, tunaolipa tayari. Jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na lori letu lingali likielekea huko. Sheria ya 2022 inatutaka tutenge taka, lakini nani atajisumbua ikiwa malipo ni yale yale?

Nimemwambia mwenye nyumba anitoze kwa gunia. Alicheka, akadhani natania. Mke wangu hakucheka. Jioni hiyo alianza kuhesabu chupa. Mama wa orofa ya pili naye, hadi ninapoandika haya, hajalipa wala hajahama.